Katriji gani kwa Technics ya mzee wa Isevya? Kisa kizima, kuanzia sarafu mpaka sindano mbili

Kisa chenyewe kiko hivi. Mzee mmoja hapa Tabora, mstaafu wa reli, anakaa Isevya, ana plea ya santuri Technics SL-1200MK2, amplifaya ya Kijapani ya zamani yenye matundu ya PHONO nyuma, yale ya kuchomekea plea, spika mbili kubwa za kusimama chini, na kabati limejaa santuri. Nyingi ni zile ndogo za spidi 45, dansi tupu, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, Kiko Kids, za bendi za Dar na za Wakongo pia zimo, LP, zile kubwa za spidi 33, ziko chache. Analalamika vitu vitatu: sindano inaruka, midomo ya spika inacheza mbele nyuma hata pale ambapo hakuna besi, na mwimbaji kila akifika kwenye "s" na "sh" sauti inakwaruza masikio. Mtoto wa mdogo wake yuko London akasema baba mkubwa nitakutumia katriji mpya (kile kidude cha mbele ya mkono kinachoshika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme), niambie tu ipi, na yeye mwenyewe alishaanza kuitaja Denon DL-103 maana kila anayemuuliza huko anaisifia. Mzee akaniita niangalie kwanza kabla hela haijatoka.

Nianze na mashine. SL-1200MK2 ilitoka mwaka 1979 na mpaka leo ni plea ya kuaminika, mota inazungusha sahani moja kwa moja bila mkanda na spidi inashikwa na kioo cha kwatzi, kwa hiyo umeme wetu huu wa kupanda na kushuka hauichezei spidi kirahisi. Kitu kimoja kabla sijasahau, ukinunua ya mtumba geuza usome kibandiko cha nyuma, zile zilizotengenezwa kwa soko la Japani wenyewe ni za volti 100 na ukiichomeka ukutani hapa bila transfoma umeiua. Ya mzee ni ya volti 220, aliichukua kwenye ukumbi wa disko uliofungwa, na iko sawa kabisa, mkono haujalegea, ukiusukuma kwa ncha ya kidole unaelea bila kukwama popote. Nasema hivi kwa sababu watu wengi sauti ikiharibika wanakimbilia kununua katriji wakati beringi za mkono zimekwisha, na hapo hata uweke katriji ya dhahabu haisaidii kitu.

Sasa kichwani. Pale mbele ya mkono, juu ya kile kichwa kinachobeba katriji, palikuwa na sarafu imebandikwa kwa gundi ya karatasi, na gundi imeshakuwa ya kahawia kwa uzee. Nikamuuliza mzee hii vipi, akasema, "Mwanangu, bila hiyo inaruka. Waliniwekea wale vijana wa disko, na mimi nikaiacha." Nikamwambia mzee wangu tuipime kwanza, tukaenda kwa sonara, wale wana vimizani vidogo vya dijitali vinasoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Sarafu peke yake gramu sita na ushee. Sindano ikishushwa kwenye mizani, uzito wote unaoikandamiza santuri umezidi gramu saba. Katriji aina ile inatakiwa ikae kwenye gramu moja na nusu hivi! Yaani miaka yote hiyo mzee alikuwa anazipiga santuri zake kwa uzito zaidi ya mara nne, na ncha yenyewe nilipoiangalia kwa lenzi ya fundi saa haikuwa na umbo tena, imelika upande mmoja imekuwa bapa.

Tahadhari moja hapo kwenye kupima, kwa wanaotaka kufanya wenyewe. Katriji ina sumaku ndani. Kisahani cha mizani kikiwa cha chuma kinaivuta, na namba unayosoma ni ya uongo. Weka kipande cha kadibodi nene au pima kwenye kisahani cha plastiki, halafu hakikisha sehemu sindano inapotua iko kimo kilekile cha santuri, maana mizani ikiwa ndefu mkono unainuka na namba inabadilika kidogo.

Tuje kwenye kiini cha jambo, kwa nini ilikuwa inaruka hata kabla ya sarafu. Ncha ya sindano imekaa kwenye kijiti, na kijiti kimeshikwa na kampira. Kampira hako kana ulaini wake, wataalamu wanauandika kwa namba, namba kubwa maana yake laini sana, namba ndogo maana yake kagumu. Mkono nao una uzito wake, hapa sizungumzii ile gramu moja na nusu inayokandamiza, ni uzito ambao sindano inausikia pale inapotaka kuusogeza mkono mzima juu na chini. Kwa SL-1200MK2 uzito huo ni gramu 12 pamoja na kichwa chake. Ongeza katriji, ongeza skrubu. Uzito huo ukikutana na ule ulaini vinatengeneza mtikisiko wao wenyewe, sawasawa na gari lenye springi laini ukilibebesha mawe, likipita kwenye tuta linaendelea kunesa tu hata tuta limeshapita.

Hesabu yake si ngumu na kila mwenye plea anatakiwa aijue. Chukua uzito wote kwa gramu, zidisha na namba ya ulaini, tafuta kipeuo cha pili, halafu 159 ugawanye kwa jibu hilo. Unapata hezi, yaani mitikisiko kwa sekunde. Tunataka iangukie kati ya 8 na 12. Kwa nini hapo? Chini ya hezi 6 hivi ndo kuna vurugu za santuri iliyopinda na miguu ya watu wanaotembea chumbani, na juu ya 20 muziki unaanza, besi gitaa waya wake mnene unalia kwenye hezi kama 41. Kwa hiyo mtikisiko wa mkono unatakiwa ukae katikati pale pasipo na mtu.

Katriji ya zamani ya mzee ilikuwa ya kizazi kile cha sindano laini sana, tukadiria ulaini 25. Mkono 12, katriji 6, skrubu 1, jumla 19. Mara 25 ni 475, kipeuo chake kama 21.8, jibu hezi 7.3. Imeshatoka nje ya mstari. Sasa bandika sarafu ya gramu 6, jumla inakuwa 25, mara 25 ni 625, kipeuo 25 kamili, jibu hezi 6.4. Umeona? Sarafu iliyowekwa kuzuia kuruka ndo imeusogeza mtikisiko kule kwenye vurugu za santuri zilizopinda, na sindano ikawa hairuki kwa sababu tu imekandamizwa kwa nguvu. Na santuri za mzee zimepinda kweli, kabati liko chumba ambacho hakina dari, juu ni bati, jua la mwezi wa tisa na wa kumi hapa Tabora mnalijua. Ukiiweka 45 moja ukaitazama kwa usawa wa macho inapozunguka unaona mkono unapanda na kushuka kila mzunguko. Ule mchezo wa midomo ya spika ndo huo huo. Tundu la PHONO kazi yake ni kuinua besi na kushusha sauti za juu kwa kufuata kanuni ya RIAA, chama cha watengeneza santuri wa Marekani, ya mwaka 1954, maana santuri zinachongwa besi ikiwa imepunguzwa, kwa hiyo takataka zote za huko chini nazo zinainuliwa pamoja na besi.

Nikishasema hayo niseme pia kwamba namba 25 ni makadirio, kampira kakikaa miaka arobaini kanaweza kuwa kagumu kama jiwe au kakalegea, kwa hiyo kwa katriji ya zamani hesabu inakuonyesha njia tu. Kwa katriji mpya yenye karatasi yake ya kiwandani hapo hesabu ina nguvu.

Lalamiko la tatu, lile la "s". Hapa ncha iliyolika ina lawama kubwa, lakini haikuwa peke yake. Plea ya mzee iko pembeni ya mlango na ampu iko upande wa pili wa chumba, kwa hiyo mtu alimwungia waya wa nyongeza, mita tatu hivi, waya wa kawaida tu ule wa dekoda. Kwa CD au simu haina neno. Kwa katriji ya MM, ile ambayo sumaku ndo inatikisika na koili zimetulia, waya una kapasitansi, yaani uwezo wa kushika chaji ya umeme, unaopimwa kwa pikofaradi, na koili za katriji zikikutana na kapasitansi kubwa sauti inavimba sehemu moja juu halafu baada ya hapo inaporomoka. Waya wa kawaida unaweza kuwa na pikofaradi 100 kila mita. Hesabu: waya wa plea yenyewe kama 100, nyongeza 300, ndani ya ampu 100 mpaka 150. Tayari tumepita 500, na katriji nyingi za MM zinataka 100 mpaka 300 basi. Kwa katriji yenye koili ya milihenri 550, pikofaradi 550 zinaweka ule uvimbe kwenye hezi elfu 9 hivi, palepale "s" na matoazi yanapokaa. Ukitoa nyongeza ukabaki na 250 uvimbe unahamia kwenye elfu 13 na kitu, na hapo masikio yanapumua. Tulihamisha ampu tu, ikakaa chini ya plea kwenye rafu ya chini, nyongeza tukaitoa. Hata kwa ile sindano mbovu mzee alisikia tofauti, akasema, "Kumbe waya nao unaimba."

Basi sasa katriji ipi. Kijana wa London nikamwandikia kwa WhatsApp nikamweleza kwamba DL-103 ni katriji nzuri na ukiitazama kwa upande wa mkono tu haina shida, ina gramu 8.5, kampira chake kigumu, namba yake ni 5 lakini Wajapani wanapima kwa hezi 100, ukitaka kuileta kwenye hesabu yetu ya hezi 10 lazima uizidishe kama mara moja na nusu mpaka mbili, tuseme 9, na hesabu inatoka hezi 11 na kitu. Safi. Shida yake iko kwingine. Hiyo ni MC, koili ndo zinatikisika, na umeme inaotoa ni milivolti 0.3. Ampu ya mzee ina PHONO ya MM ambayo imeandikwa nyuma inataka milivolti 2.5. Ukiichomeka moja kwa moja utafungua volyumu mpaka mwisho usikie muziki wa mbali na mngurumo wa karibu. Inahitaji transfoma yake ndogo ya kuinua au kikuzaji cha MC, yaani kununua kitu cha pili chenye bei inayoweza kuifikia katriji yenyewe.

Na kuna jambo ambalo kwa mtu wa London halimuumizi lakini kwa mtu wa Tabora ndo kila kitu: sindano ya MC ya namna hiyo huichomoi. Ikilika au mtoto akaivunja kwa kitambaa cha kufuta vumbi, katriji nzima inaenda kwa fundi wa kuweka ncha mpya, na fundi huyo hapa hayupo. Ya MM unavuta sindano ya zamani kwa vidole, unasukuma mpya, umemaliza. Mzee wa miaka sabini na kitu, nyumba ina wajukuu, vumbi la kiangazi linaingia mpaka kwenye chumvi, mimi katriji ambayo sindano yake haichomoki siwezi kumshauri, hata ingekuwa ya bure.

Tukabaki na mbili, Ortofon 2M Red na Audio-Technica AT-VM95E. Zote MM, zote mzigo wa kilo-omu 47 kama ampu inavyotaka, Red inatoa milivolti 5.5 na VM95E inatoa 4, zote zinatosha. Hapa ndo nilipokaa muda mrefu na kalamu maana kila moja ina pale inapomshinda mwenzake.

Red ina gramu 7.2 na ulaini 20, hiyo 20 imepimwa kwa hezi 10 hivyo unaiingiza kama ilivyo. Mkono 12, katriji 7.2, skrubu 1, jumla kama 20. Mara 20 ni 400, kipeuo 20, jibu hezi 7.9 hivi. Iko mlangoni. Kwenye plea hii watu kibao wanaitumia na wanafurahi, na mtu mwenye santuri zilizonyooka ningemwambia chukua usiogope. VM95E ina gramu 6.1, ulaini 7 kwa hezi 100, tuseme 13 kwa hezi 10. Jumla 19, mara 13 ni 247, kipeuo 15.7, jibu hezi 10. Katikati kabisa ya mstari.

Lakini kwenye waya Red inashinda. Yenyewe inataka pikofaradi 150 mpaka 300, na sisi tuko kwenye 250 kwa makadirio, inakaa vizuri. VM95E inataka 100 mpaka 200, kwa hiyo tumeizidishia kidogo, na maana yake sauti za juu zitakuwa kali kidogo kuliko alivyokusudia aliyeitengeneza. Ndo hivyo, mkono unasema moja na waya unasema nyingine.

Nikachagua VM95E, na sababu ni zile santuri. Ukali kidogo juu unaweza kupunguzwa kwa kitufe cha trebo, ampu ya mzee inacho, na masikio ya mtu wa umri ule yenyewe huko juu kabisa hayafiki. Sindano inayopotea kwenye santuri iliyopinda haina kitufe. Mwenye santuri zilizopindwa na bati apeleke hela yake kwenye mkono na katriji kuelewana kwanza, mengine baadaye. Bei nayo ilikuwa upande wetu, VM95E ni nafuu kuliko Red.

Sababu ya pili ni kwamba bodi ya VM95, yaani mwili wa katriji bila sindano, inapokea sindano za familia nzima. Ipo E iliyochongwa duaradufu, ipo C ya ncha ya duara ya kawaida, ipo ML yenye ncha nyembamba sana, na ipo hata SP ya mili 3 (mili ni sehemu moja ya elfu ya inchi) kwa ajili ya santuri za spidi 78. Nikamwambia kijana atume bodi na sindano E, na aongeze sindano C ya akiba. Akauliza ya duara ya nini wakati ni ya daraja la chini, nikamjibu ngoja ifike utaelewa.

Mzigo ulipita Dar, ukaja na basi, ukafika salama. Kufunga kwenyewe kuna raha yake. Bodi ya VM95 imekatwa nyuzi za skrubu ndani yake, hutafuti vile vinati vidogo vinavyodondoka kwenye zulia na kupotea. Nyaya nne: nyeupe na bluu ni za kushoto, nyekundu na kijani ni za kulia, nyeupe na nyekundu ndo chanya. Shika vile vishikizo kwa kibano, usivute waya wenyewe, nyaya za kichwa cha plea ya umri huu zinakatika kwa kutazamwa. Ampu imezimwa na sindano imechomolewa, unairudisha ukishamaliza. Kisha ncha ya sindano inakaa milimita 52 kutoka kwenye kiringi cha mpira kilicho nyuma ya kichwa, kipimo hicho ni cha Technics wenyewe, nilitumia rula ya chuma ya mwanafunzi na nikahakikisha bodi imenyooka ukiitazama kutoka mbele na kutoka juu. Uzito gramu 2.0 kwa mizani ya sonara, kile kitufe cha kuzuia mkono usivutwe ndani nacho kwenye 2. Kimo cha mkono nikakirekebisha mpaka ukawa sambamba na santuri.

Kabla ya kushusha sindano mpya tulifua santuri kwanza, maji safi ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, sifongo laini, lebo ya katikati isilowe, suuza, anika kwenye kivuli. Maji ya santuri za kwanza yalitoka rangi ya chai.

LP tuliipiga ya kwanza. Midomo ya spika imetulia, besi gitaa limetoka likiwa na kamba na vidole, na ule wimbo wa mwisho wa upande, karibu na lebo, ambao zamani ulikuwa unachanika, ukaimba. Pale mwisho ndo mtihani wa kila sindano, kwa sababu LP inazunguka spidi moja lakini mfereji wa nje ni mrefu kuliko wa ndani, nje sindano inasoma kama sentimita 50 kwa sekunde na ndani karibu na lebo 21 tu, kwa hiyo muziki uleule unabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Ncha ya duaradufu ina kingo nyembamba inaingia mle, ya duara inashindwa kugeuka haraka. Mzee alikuwa amekaa kimya muda wote, akasema tu, "Huyu mpiga maraka sikuwahi kumsikia."

Halafu tukaweka 45 zake za miaka ya sitini, zile anazozipenda zaidi, na hapo mambo yakageuka. Hakuna kuruka tena, santuri iliyopinda kuliko zote imepita yote, lakini kelele! Mikwaruzo yote, vumbi la miaka, na kuta za mfereji zilizochimbwa na gramu saba za disko, ile ncha nyembamba inasoma kila kitu kwa uaminifu. Nikavuta sindano E, nikasukuma C. Ncha yake ya mili 0.6 ni ya duara, inagusa ukuta wa mfereji sehemu tofauti kidogo na haiingii kwenye kila kovu. Kelele zikashuka, sauti ya mwimbaji ikaja mbele. Trebo kidogo imepotea, kweli, ila kwa santuri hizo trebo iliyokuwepo ilikuwa ya mikwaruzo zaidi kuliko ya muziki. Jambo la pili tulilofanya ni kubonyeza kitufe cha MONO kwenye ampu. Santuri nyingi za wakati ule ni mono, yaani chaneli moja tu, muziki wote uko kwenye kutikisika kwa kushoto na kulia, na kelele nyingi ziko kwenye kupanda na kushuka. Ukiunganisha chaneli mbili kile cha kupanda na kushuka kinajifuta chenyewe. Haina gharama, na kwa santuri za dansi la zamani nadhani ni kitufe chenye thamani kuliko katriji nyingi.

Kijana wa London tulimpigia video akasikia zote mbili kupitia simu, hata kwa simu tofauti ilionekana. Akasema, "Baba mkubwa, basi nikutumie ML, si ndo ya juu zaidi?" Nikamwambia kwa LP zilizo safi ML ni nzuri mno na inadumu, kiwanda kinasema saa 1000 wakati E ni 300 na C ni 500, lakini kwa kabati hili LP zenyewe zinahesabika, na mzee anapiga 45 kila jioni. Saa 300 zikitumika saa moja kila siku hazifiki mwaka. Kwa hiyo mpango tuliokubaliana ni C kwa 45, E kwa LP, kila moja na kiboksi chake, na mzee ana daftari anaandika jioni amepiga kwa muda gani, kazi ya kuandika saa aliizoea reli.

Wajukuu wamefundishwa kwamba sindano haifutwi kwa kidole, inapigwa brashi laini kutoka nyuma kuja mbele, basi. Sarafu mzee aliiweka mfukoni. Gundi yake ilitoka kwa mafuta ya taa kidogo kwenye pamba.

Zimebaki santuri za 78 alizoachiwa na baba yake, zile nzito za zamani zinazovunjika zikidondoka. Mfereji wake ni mpana, ukizipiga kwa sindano ya kawaida ncha inaburuzika chini kwenye takataka, zinataka ile SP ya mili 3 na bodi tayari tunayo. Lakini SL-1200MK2 ina spidi mbili tu, 33 na 45, kwa hiyo sindano pekee haitatusaidia. Tunatafuta plea yoyote ya zamani yenye 78 ambayo mota yake ni nzima na mkono wake unakubali katriji ya skrubu mbili za nusu inchi, mwenye nayo Tabora, Urambo au Kigoma aseme, mzee yuko tayari kununua. Na isiwe ile ambayo sindano imeunganishwa moja kwa moja na katriji ya seramiki, hizo zina uzito mkubwa na umeme wake ni mwingi hauingii PHONO, tutakuwa tumeanza upya.